Katuni au Giza? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sura na Ladha ya Gemu za Zelda na Nyinginezo

Ubishi huu hauishi. Mmoja anasema Zelda ya katuni ni ya watoto, mwingine anamuuliza kama aliwahi kuifikisha mwisho, wa tatu anaingiza GTA, na jioni imekwisha. Hapa tumekusanya maswali yanayorudi kila mara. Mfano mkuu ni The Legend of Zelda, gemu za Nintendo ambamo shujaa Link mara nyingi huiokoa nchi ya Hyrule na adui aitwaye Ganondorf, kwa kuwa hakuna mfululizo mkubwa uliogeuzwa sura mara nyingi hivyo mbele ya macho ya watu. Tahadhari: majibu ya 6, 7 na 11 yanafichua miisho ya gemu za zamani.

## Misingi

1. Gemu ya "katuni" na gemu ya "giza": tofauti yake ni nini hasa?

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni sura: wahusika wana vichwa vikubwa au maumbo ya watu wa kawaida, rangi zinawaka au zimefifia, ngozi na mawe vinaonekana vya kweli au vimechorwa. La pili ni ladha ya hadithi yenyewe. Kuna kifo? Kuna anayepoteza kitu asichoweza kurudishiwa? Utani upo kiasi gani, na unaingia wakati gani?

Ukiyatenganisha mambo hayo utaona yanaungana kwa namna zote nne. Super Mario ni katuni kwa sura na nyepesi kwa ladha. The Last of Us (2013) ina sura ya uhalisia na hadithi inayobana kifua. Uncharted (2007), iliyotoka studio hiyohiyo ya Naughty Dog, nayo ina sura ya uhalisia, lakini mhusika wake mkuu anatupa masihara huku akining'inia kwenye jabali. Kona ya nne, yaani katuni yenye hadithi nzito, ndiyo inayozua ubishi. Kwa hiyo mtu akisema "hii ni ya kitoto", muulize kwanza: anasema picha au anasema hadithi?

2. Michoro ya katuni si uvivu tu wa watengenezaji?

Hapana. Kwenye gemu ya kawaida, mwanga unapompiga mhusika shavuni, mashine hukokotoa jinsi unavyofifia kidogo kidogo hadi kivulini. Kwenye mbinu ya kivuli cha katuni, mfifio huo hukatwa: huku mwanga, huku kivuli, na mpaka kati yao ni mstari mkali. Jet Set Radio ya Sega, iliyotoka mwaka 2000 kwenye konsoli ya Dreamcast, ndiyo iliyowatambulisha wachezaji wengi kwa mbinu hiyo.

Kazi haipungui, inahama tu. Uso ukishaondolewa mikunjo na vinyweleo, kile kidogo kilichobaki lazima kiseme. Angalia macho ya Link kwenye The Wind Waker, Zelda ya katuni ya mwaka 2002. Ni makubwa kupita kiasi na hayatulii. Ukipita karibu na kitu chenye maana, mwenge unaoweza kuwashwa au adui aliyejibanza, macho yanageukia huko kabla wewe hujakiona. Mchezaji mzoefu huacha kukagua chumba na kuanza kumkagua Link. Sura ya uhalisia ya mwaka 2002 isingeweza kukupa kidokezo hicho; kwenye televisheni ya inchi 21 macho ya mtu wa kawaida yangekuwa nukta mbili.

3. Na "uhalisia", ni lazima gemu ifanane na maisha?

Si lazima. Twilight Princess, Zelda ya mwaka 2006, inahesabiwa upande wa uhalisia, na humo shujaa anageuka mbwa mwitu na kubeba mgongoni kiumbe kidogo kutoka ulimwengu wa machweo. Uhalisia tunaouzungumzia ni wa vipimo na vifaa: urefu wa mtu, uzito wa upanga, nguo iliyochakaa, matope. Ni ahadi kwamba vitu vitakuwa na uzito, na mchezaji akishapewa ahadi hiyo anaanza kuidai kila mahali. Jibu la 11 linaonyesha deni hilo linavyoweza kuitesa gemu.

## Zelda na mizunguko yake

4. Kwa nini watu walikuja juu mwaka 2001 walipoonyeshwa Zelda ya katuni?

Kwa sababu walikuwa wameshaonyeshwa kitu kingine. Agosti 2000, kwenye maonyesho ya Space World huko Japani, Nintendo walionyesha uwezo wa konsoli yao mpya ya GameCube kwa kipande kifupi cha Link na Ganondorf wakipigana kwa panga. Wote wawili walikuwa watu wazima, wenye nyuso kali, katika ukumbi wenye giza. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Ocarina of Time, Zelda ya mwaka 1998, na mashabiki walioicheza wakiwa watoto walikuwa wanabalehe pamoja na mfululizo wao. Wakajiona wameahidiwa Zelda ya umri wao.

Mwaka mmoja baadaye, ukumbi uleule, trela ya gemu halisi, iliyokuja kuitwa The Wind Waker, ikaonyesha mvulana mwenye kichwa kikubwa akinyata na kukimbizwa na maadui wanene wa kuchekesha. Dhihaka zilianza siku hiyohiyo.

Je, Nintendo waliwatia watu mchanga wa macho? Kile kipande cha mwaka 2000 kilikuwa cha kuonyesha nguvu za mashine, hakikutangazwa kuwa gemu inayokuja. Lakini ukiweka Link na Ganondorf mbele ya umati wenye kiu namna ile, huwezi kujifanya hujui watakachoelewa. Tukumbuke pia wakati wenyewe. GTA III ilitoka Oktoba 2001, Xbox ikafuata Novemba, na "gemu za watu wazima" ndilo lililokuwa neno la soko. GameCube ilikuwa tayari inaitwa toi, ikiwa na umbo la kiboksi na rangi ya zambarau.

5. Ni kweli Twilight Princess ilitengenezwa kuwaridhisha waliolalamika?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na wenyewe hawakuficha. Wind Waker ilitoka Japani Desemba 2002 na Marekani Machi 2003. Iliuzwa nakala zaidi ya milioni 4 kwenye GameCube, si haba, ila chini ya matarajio. Eiji Aonuma, aliyeiongoza, alieleza kwenye mkutano wa watengenezaji gemu huko San Francisco mwaka 2007 kwamba walikuwa wameanza kufikiria mwendelezo wake wa sura ileile. Kisha wakaambiwa na ofisi ya Marekani kwamba mauzo yanasuasua, kwa kuwa sura ya katuni ilikuwa inawafanya wateja waamini gemu ni ya watoto wadogo.

Aonuma akaenda kwa Shigeru Miyamoto, muasisi wa Zelda, kuomba kutengeneza Zelda ya uhalisia. Jibu alilopewa ndilo linalonivutia kuliko mkasa wote: kama kweli unataka hivyo, anza na jambo ambalo Ocarina of Time haikuweza, mfano kupigana upanga juu ya farasi. Hakuzungumza rangi wala umri wa mteja. Alitaka sura mpya ije na kazi mpya ya kufanya. Na ukicheza Twilight Princess leo, mapigano ya farasini kwenye daraja, wewe na jemadari wa maadui mkijiana uso kwa uso, bado ni kati ya dakika zake bora kabisa.

Trela ya kwanza ilionyeshwa kwenye maonyesho ya gemu ya E3 ya 2004 mjini Los Angeles. Watu wazima walipiga mayowe, wengine wakatoa machozi, kisha Miyamoto mwenyewe akatokea jukwaani na upanga na ngao. Gemu ilitoka Novemba 2006 pamoja na Wii, ikafuata ya GameCube, na kwa jumla iliuzwa zaidi ya nakala milioni 8. Kumbuka lakini kwamba Wii ilikuwa konsoli iliyouzwa zaidi ya milioni 100 na GameCube takribani milioni 22. Anayesema "giza ndilo lililouza" anasahau kuhesabu mashine.

6. Ipi yenye giza zaidi kati ya Wind Waker na Twilight Princess?

Kwa picha, Twilight Princess, bila ubishi. Rangi zake ni za kahawia na kijivu, anga ya machweo inaning'inia juu ya vijiji, watu wanageuka mizuka isiyojua kuwa ni mizuka. Ilikuwa Zelda ya kwanza kupewa alama ya vijana na bodi ya ESRB ya Marekani. Ina maono ya kutisha katikati ya hadithi ambayo hadi leo watu wanaulizana yalipitaje Nintendo.

Kwa hadithi, mimi nasema Wind Waker, na sirudi nyuma.

Chini ya ile bahari ya buluu yenye mawimbi ya kuchekesha kuna nchi nzima iliyozama. Hyrule, ile ambayo umeiokoa kwenye gemu nyingi zilizotangulia, iko sakafuni mwa bahari, na visiwa unavyotembelea ni vilele vya milima yake. Watu waliopo hawajui hata kidogo. Na vipo vitu vidogo zaidi. Mwanzoni dada yake Link anachukuliwa na ndege mkubwa siku ya kuzaliwa ya kaka yake. Unaondoka kumtafuta, unazama kwenye safari, unasahau. Ukirudi kisiwani baadaye unamkuta bibi yako kitandani, mgonjwa wa huzuni, akiwaita wajukuu wake kwa sauti ya usingizini. Unaweza kumponya ukimletea kichimbakazi kwenye chupa. Gemu haikulazimishi kurudi, na wapo waliomaliza hadithi nzima bila kumwona.

Kisha Ganondorf. Kwenye Twilight Princess anaingia kwa kuchelewa, akimsukuma pembeni adui tuliyekuwa tumemzoea. Kwenye Wind Waker amezeeka, mnene, mtulivu. Anasimulia kwao jangwani: upepo wa mchana ulichoma, wa usiku uligandisha, na wote ulileta kifo, ilhali upepo wa Hyrule ulileta kitu kingine. Alichotamani kilikuwa upepo huo. Hakuna Ganondorf mwingine aliyepewa sababu ya kibinadamu namna ile. Mwishoni mfalme wa Hyrule anatumia ombi lake la mwisho kuizamisha nchi yake moja kwa moja, ili vijana wasiishi wakifufua ya wazee. Maji yanaporomoka pande zote kama pazia, Link anachoma upanga kwenye paji la uso la Ganondorf, naye anageuka jiwe akiwa amesimama. Wakielea kuelekea juu, Link anamnyooshea mfalme mkono. Mfalme anaunyanyua wake, karibu waguse, kisha anauacha ushuke.

Hayo yote yamefanywa na wanasesere wenye vichwa vikubwa.

7. Majora's Mask na Link's Awakening zinaingia wapi?

Hizi ndizo zinazovunja hoja kwamba sura huamua uzito.

Majora's Mask (2000) ilitengenezwa kwa haraka, ikitumia tena miili na nyuso za Ocarina of Time. Picha ni zilezile karibu zote. Kilichobadilika ni kwamba mwezi wenye uso unaanguka na umebakiwa na siku tatu. Giza lake liko kwenye ratiba za watu wa kawaida: tarishi anayetaka kukimbia lakini hawezi kwa kuwa kukimbia hakumo kwenye ratiba yake, na dada wawili wa shambani, Cremia na Romani. Usiku wa mwisho, ukiwa umewasaidia, mkubwa anamruhusu mdogo kunywa maziwa yale ya watu wazima aliyomkatalia siku zote, na kumwambia walale kitanda kimoja. Hasemi sababu. Mdogo anafurahi, anadhani amekuwa mkubwa.

Link's Awakening ilitoka mwaka 1993 kwenye Game Boy, skrini ndogo isiyo na rangi. Mwaka 2019 ikatengenezwa upya kwenye Switch, konsoli ya Nintendo, ikiwa na sura ya wanasesere wa plastiki waliopangwa mezani, tamu hadi unataka kuwashika. Hadithi haikuguswa: kisiwa chote ni ndoto ya samaki mkubwa, na ukimwamsha, kila mtu uliyezungumza naye anatoweka. Ile plastiki haikuilainisha hata chembe. Kwa maoni yangu iliumiza zaidi.

8. Breath of the Wild na Tears of the Kingdom ziko upande gani?

Katikati, na njia ya kufika hapo ilianza na Skyward Sword (2011), iliyochukua umbo la mtu mzima na kulipaka rangi kwa mtindo wa wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, ambapo vitu vya mbali vinayeyuka kuwa mabaka. Breath of the Wild (2017) ina kivuli cha katuni, lakini miili ina vipimo vya watu na nyasi, mvua na moto vinafuata kanuni zao. Umeme unapiga aliyebeba chuma. Hadithi ni ya nchi iliyokwisha kuanguka miaka 100 kabla hujaamka, ila hailii kila dakika; unaweza kutumia jioni nzima ukipika uyoga. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni 30 kwenye Switch, na baada yake ubishi wa katuni au uhalisia ndani ya Zelda ulipoa sana. Tears of the Kingdom (2023) ilishika njia ileile.

## Mifululizo mingine

9. Jak II ilikuwa nakala ya GTA?

Nakala hapana, kivuli chake ndiyo. Jak and Daxter ya kwanza (2001) ni gemu ya kuruka na kukusanya, yenye fukwe, vijiji na shujaa bubu. Jak II (2003) inaanza na huyohuyo kijana amefungwa kwenye kiti, akiteswa kwa majaribio ya miaka miwili, na maneno yake ya kwanza kabisa katika mfululizo ni kiapo cha kumuua aliyemfunga. Mji una askari, bunduki na magari yanayoelea unayoweza kumnyang'anya dereva. GTA III ilikuwa imebadilisha soko na Naughty Dog hawakufumba macho.

Mgeuko huu ulishika kwa sababu mbili. Hasira ya Jak ina chanzo unachokiona kwa macho, na Daxter, mwenzake mropokaji, alibaki na mdomo wake uleule. Lakini ugumu ulipanda vibaya. Vituo vya kuhifadhi ni vichache, na ile misheni ya bandarini imewatoa watu jasho kizazi kizima.

10. Mwana wa mfalme wa Prince of Persia alipatwa na nini mwaka 2004?

Alipewa hasira bila kuelezwa vizuri. The Sands of Time (2003) ilisimuliwa kama hadithi ya usiku, na msimulizi mwenyewe alikuwa mwana wa mfalme. Ukifa alisema hapana, haikuwa hivyo, na kukurudisha. Warrior Within (2004) ikaja na damu, muziki wa roki wa Godsmack, wanawake waliovaa nusu, na alama ya M, yaani miaka 17 kwenda juu. Jordan Mechner, mbunifu wa mfululizo tangu 1989, alisema hadharani kwamba hakupendezwa na mwelekeo wake wa sanaa wala ukatili uliomo.

Tuwe wakweli hata hivyo: mapigano yake yalikuwa bora kuliko ya ile ya kwanza, na lile jinamizi la Dahaka linalokukimbiza ni wazo zuri. Tatizo halikuwa giza. Kijana mwenye maringo na aibu ya kimapenzi alitoweka, akaja mwingine anayenguruma. The Two Thrones (2005) ikatafuta suluhu: ikamrudisha mwigizaji wa sauti wa kwanza na kumgawa mhusika nafsi mbili zinazobishana kichwani. Ni kama studio ilikuwa inajibishana na mashabiki wake ndani ya gemu.

11. Kwa nini wengi bado wanaipenda GTA San Andreas kuliko GTA IV?

Swali la Afrika Mashariki hasa. Kwenye vibanda vya gemu PS2 yenye San Andreas iliendelea kuingiza hela miaka mingi baada ya 2004, na wapo waliojifunza misimbo yake kwa kichwa kabla ya kujua Kiingereza chake.

San Andreas si katuni kwa michoro, ila kwa ladha ni katuni tupu. CJ, mhusika mkuu, anakula baga hadi ananenepa, anaiba kifaa cha kurukia mgongoni kutoka kambi ya jeshi, anaruka na parashuti kutoka juu ya jengo, kisha anarudi mtaani kulia msiba wa mama yake. Hakuna anayeuliza mambo hayo yanakaaje pamoja.

GTA IV (2008) iliuliza. Mhusika wake mkuu, Niko Bellic, ametoka vitani Ulaya ya Mashariki, mji ni wa kijivu, magari ni mazito na yanaserereka, mtu ukimgonga anaanguka kwa uzito wa mwili wake. Mwishoni unampoteza Roman, binamu yake, au Kate, mwanamke anayempenda, na hakuna njia ya tatu. Hadithi yake kwangu ndiyo bora ya mfululizo hadi wakati ule. Lakini hapa ndipo deni la jibu la 3 linapodaiwa: Niko anajutia kuua kwenye video, kisha wewe unapita na gari juu ya watu kumi ukiwahi mchezo wa bolingi. Kwenye San Andreas pengo hilo lilikuwapo, ila hakuna aliyeliona kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa uzito.

Parashuti lilirudi kwenye nyongeza ya The Ballad of Gay Tony (2009). GTA V (2013) ikapata hila nzuri zaidi, kugawa ladha kwa wahusika watatu: anayetaka vurugu anamchukua Trevor, anayetaka majuto anamchukua Michael. Saints Row, mfululizo wa magenge ulioshindana na GTA, ilikimbilia upande wa pili kabisa, hadi sehemu ya nne (2013) ukawa rais wa Marekani mwenye nguvu za kimiujiza. Baada ya hapo hapakuwa na pa kupanda. Toleo la kuanza upya la 2022 halikupendwa, na studio ya Volition ikafungwa mwaka 2023.

12. Kuna gemu iliyotoka kwenye uhalisia kwenda katuni ikafanikiwa?

Zipo, na mbili ni kubwa. Team Fortress 2 ilionyeshwa mwaka 1999 ikiwa gemu ya kijeshi ya kawaida, kombati na yote. Ilipotoka Oktoba 2007 ilikuwa na wahusika tisa wa kuchekesha, kila mmoja na umbo lake, kiasi kwamba unamtambua adui kwa kivuli chake tu kutoka mbali. Katuni pale ilikuwa na kazi: kwenye gemu ya risasi za haraka, kumjua aliye mbele yako ni uhai. Borderlands nayo ilianza na picha za kahawia zilizofanana na za kila mtu, ikabadilishwa katikati ya kazi kuwa michoro yenye mistari ya wino, ikatoka 2009, na watu wakaikumbuka.

13. Ni ipi iliyogeuzwa vibaya kuliko zote?

Bomberman: Act Zero (2006, Xbox 360). Walimchukua yule mtu mdogo wa mabomu, wakamvika vyuma na kumweka kwenye maabara ya kutisha, kisha wakamwondolea kile kilichompa jina, yaani watu kukaa pamoja kwenye kochi moja na kulipuana. Ngazi 99, hakuna kuhifadhi. Shadow the Hedgehog (2005), yule nungunungu mwenye bastola, angalau inachekesha bila kukusudia.

14. Na wale walioandika malalamiko kwa sababu Diablo III ina rangi nyingi?

Malalamiko yanafanana na ya jibu la 4, ila mwisho wake ni kinyume cha jibu la 5. Ilipotangazwa mwaka 2008, mashabiki wa Diablo II walisaini malalamiko mtandaoni wakidai nyasi ni za kijani mno na kuna hata upinde wa mvua. Blizzard, watengenezaji wake, hawakurudi nyuma. Gemu ilipotoka 2012 ilikuwa na eneo la siri liitwalo Whimsyshire, lenye mawingu yenye nyuso, dubu wa kuchezea na upinde wa mvua, ambamo unachinja farasi wa rangi ya waridi. Kejeli safi. Diablo IV (2023) hata hivyo ilirudi kwenye giza, kwa hiyo sijui nani alicheka mwisho.

## Kwa wazazi na wanunuzi

15. Mwanangu ana miaka saba. Gemu ya katuni ni salama?

Soma alama ya umri kwenye boksi au kwenye duka la mtandaoni, usiamue kwa rangi. Za Ulaya, PEGI, ni 3, 7, 12, 16 na 18. Za Marekani, ESRB, ni herufi: E kwa wote, E10+ kuanzia miaka kumi, T kwa vijana kuanzia 13, M kuanzia 17. Mfano wa kukutoa usingizini ni Conker's Bad Fur Day (2001) ya Nintendo 64: mhusika ni kindi mzuri wa kahawia, na ndani kuna ulevi, matusi na damu. Ina alama ya M kihalali. Iliwahi kuonyeshwa kwanza ikiwa gemu ya watoto kabla studio haijaigeuza.

Alama hata hivyo hupima damu, lugha na ngono. Haipimi huzuni. Bibi wa jibu la 6 na kisiwa cha jibu la 7 vyote vimepita bila tatizo. Mtoto aliyefiwa karibuni, mzazi akae naye kidogo.

16. Ipi inazeeka vizuri, na ipi inafaa mashine dhaifu?

Katuni inazeeka vizuri, karibu kila mara. Wind Waker ilipotolewa upya kwenye Wii U mwaka 2013 ilihitaji kusafishwa tu. Twilight Princess ilipofuata mwaka 2016 nyuso zake zilionyesha miaka. Uhalisia hushindana na gemu za mwaka ujao, na hushindwa daima. Kuhusu mashine dhaifu, sura peke yake haikuhakikishii kitu. Picha bapa kweli hula kumbukumbu kidogo, ila zipo gemu za katuni zinazochemsha simu na za uhalisia wa zamani zinazoteleza vizuri kwenye kompyuta ya ofisini.

## Maswali ya pembeni

17. Mbona Twilight Princess ina vichekesho vya ajabu vile?

Kwa sababu giza la mfululizo wa saa 40 bila pumzi linageuka kelele. Katikati ya vita vya kuiokoa nchi, mtoto mchanga mwenye uso wa mzee anayeitwa Malo anafungua duka, analipanua hadi mji mkuu, na ukiingia unakuta wateja wanacheza kwa wimbo wa tangazo. Kuna pia ndege mwenye kichwa cha mtu anayekufuata kwenye mahekalu kwa adabu nyingi. Na Midna, yule kiumbe mdogo wa jibu la 3, ambaye hadithi yake ndiyo inayouma zaidi humo, hutumia nusu ya kwanza akikudhihaki. Asingekuwa mcheshi, kuagana naye kusingekuwa na maana.

18. Sijacheza hata moja. Nianzie wapi?

Kama una Switch, Link's Awakening ya 2019. Ni fupi na itakujibu swali la 1 kwa vitendo. Ukiwa na Switch 2, Wind Waker ya GameCube imewekwa kwenye huduma yake ya kulipia tangu Juni 2025. Vumilia saa mbili za mwanzo, hasa ile ngome ya kunyatia usiku, na ukishaanza kusafiri, pitia nyumbani kumwona bibi. Mwenye PS2 kabatini acheze Jak ya kwanza na ya pili mfululizo, bila kupumzika katikati, ule mshtuko aupate ukiwa moto.